Sura ya Nne: Ramani Chini ya Chupa ya Pilipili

Atupele hakupenda kupekua chumba cha mtu huku mama mkwe wa mtu huyo akilia mlangoni. Kilio humfanya mpelelezi aone yasiyokuwapo. Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumamosi, ilipotimia saa tatu, jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kumpa Godelive kazi.

"Mama Anaïs, hebu nihesabie viatu vya mkweo. Usiviguse. Hesabu tu."

"Viatu? Mimi natafuta mtoto, wewe unatafuta viatu?"

"Mtu anayekimbia moja kwa moja haachi viatu vizuri nyuma. Hesabu, mama."

Godelive akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kuhesabu kwa Kifaransa, na kilio kikakatika chenyewe.

Chumba kilikuwa nyuma ya yadi moja ya makaravani huko Queensburgh, kitongoji cha Durban, Afrika Kusini, na mwenye chumba, Gaël, alikuwa fundi wa kuzikarabati nyumba hizo za magurudumu. Jumamosi iliyopita alimwoa Anaïs, binti pekee wa Godelive na Méthode, Warundi wakaao Bluff. Jumapili akafunga karavani nyuma ya pikapu yake, akampandisha bibi arusi, akampandisha na mama yake mzazi, Marie-Jeanne, aliyekuja kutoka Gitega kwa ajili ya arusi, wakaondoka kwenda fungate. Tangu hapo Godelive hakusikia tena sauti ya mwanawe. Simu ya Anaïs ilizimwa siku hiyohiyo. Jumatano alipompigia Gaël, alipokea Marie-Jeanne, akasema maneno machache kisha akakata: "Mwali haongei na simu. Mnajua la kufanya." Baada ya hapo simu ya Gaël nayo ikawa haipatikani.

Godelive alipoyasikia maneno hayo alikosa usingizi. Mumewe alipoyasikia alipiga pasi suti ya kwendea polisi. Méthode alikuwa ameapa kwamba leo, ikifika saa kumi jioni bila mtoto kuonekana, anafungua kesi ya utekaji, na Gaël, mkimbizi anayeishi kwa karatasi za miezi sita sita, ajieleze akiwa ndani. Godelive alikuwa ameupima mzigo huo pande zote mbili. Kama Gaël ni mwovu, binti amepotea. Kama si mwovu, mumewe anakwenda kumfunga mkwe wao kwa mkono wake mwenyewe, na Anaïs hatawasamehe maisha. Ndiyo maana alimfuata Atupele.

Atupele, Mnyakyusa wa Tukuyu, alikuwa ameifanyia kazi kampuni moja ya bima kwa miaka tisa akitafuta magari yaliyoibwa, kabla hajaanza kujitegemea na kutafuta watu. Magari, alikuwa akisema, yana unafuu wake: gari haliji na ndugu.

"Jozi nne," Godelive akasema kutoka chini. "Ya kazi, ya kanisa, ya mpira. Na hii ya arusi."

"Basi kaenda na kandambili. Umewahi kusikia mtu kateka mtu akiwa na kandambili?"

Mlangoni Ildephonse, mwenye yadi, Mkongo wa Uvira mwenye tumbo la heshima, aliangua kicheko. "Mi nilikuambia, maman. Gaël iko mutu muzuri. Ile caravane nilimupatia mimi mwenyewe, cadeau ya mariage, zawadi ya arusi."

"Alikwambia anakwenda wapi?" Atupele akamwuliza.

"Pays Basque."

Godelive akaruka wima. "Umesikia? Umesikia! Hiyo iko Espagne! Méthode alisema, huyu kijana atampeleka mtoto Ulaya atamwacha huko!"

Atupele aliisogelea meza. Alikuwa ameshaiona ramani. Ilikuwa imetandazwa katikati ya meza, na juu yake imewekwa chupa ya pilipili iliyojaa. Aliitazama chupa kwanza, kisha dirisha lililoachwa wazi kidogo juu ya meza, ndipo akaisogeza chupa kwa kalamu na kuisoma ramani. Ilikuwa pwani ya Wabaski, kaskazini ya Hispania, na pembeni ya majina ya miji kulikuwa na maandishi ya penseli. Zarautz, Jumapili, 27. Getaria, Jumanne, 60. Lekeitio, Alhamisi, 95. Bermeo, Jumamosi, 130.

"Ramani hii kaitoa wapi?"

Ildephonse akaeleza. Mwaka juzi Wabaski wawili, mume na mke, waliokuwa wakizunguka Afrika Kusini kwa karavani, waliharibikiwa ekseli. Gaël aliitengeneza siku tatu, wakala naye, wakanywa naye, wakamsimulia habari za kwao mpaka akasahau kufunga mdomo. Walipoondoka wakamwachia ramani. Tangu hapo kijana hakuwa na wimbo mwingine: siku akioa, mkewe ataiona pwani ile kwa dirisha la karavani, mji kwa mji.

"Mama Anaïs," Atupele akasema bila kuinua macho, "pasipoti ya mwanao iko wapi?"

"Pasipoti?" Godelive akafungua mkoba wake, akapekua, akaitoa. "Iko hapa. Karatasi zote za nyumba natunza mimi."

Ildephonse aligeuka kutazama dari.

"Kwa hiyo amepanda ndege bila pasipoti," Atupele akasema taratibu, "na karavani ikavutwa nyuma ya ndege."

Godelive aliitazama ile pasipoti mkononi mwake kana kwamba imewekwa humo na mtu mwingine. Kisha akacheka, kicheko chembamba chenye machozi, cha kwanza tangu Jumatano.

"Sogea uone," Atupele akamwita. "Huku pembeni kuna kipimo. Zarautz na Getaria ni majirani, hazifiki kilometa sita kati yao. Gaël kaandika ishirini na saba hapa, sitini pale. Ni tofauti ya thelathini na tatu. Huyu ni mtu anayevuta makaravani kila siku, hawezi kukosea hivyo. Hizi si kilometa za Hispania." Akamgeukia Ildephonse. "Kutoka Durban mjini mpaka Amanzimtoti?"

"Toti? Vingt-sept. Ishirini na saba, kama hiyo."

"Scottburgh?"

Ildephonse akaisogelea ramani. "Sitini," akasema polepole. "Hibberdene, tisini na tano. Uvongo, cent trente, mia na thelathini. Eish! Huyu mutoto!"

"Kijana hana karatasi za kusafiria," Atupele akasema, "ila ahadi ni ahadi. Kaichukua pwani ya Wabaski akaitandika juu ya South Coast yetu, pwani hii ya kusini ya Durban. Leo Jumamosi yuko Bermeo, yaani Uvongo."

"Twende sasa!" Godelive alikuwa ameshashika mlango.

"Tutakwenda. Lakini tutapitia Scottburgh. Jumatano uliyopiga simu walikuwa pale. Nataka kujua walikuwa na hali gani kabla sijabisha hodi kwa mtu." Akaikunja ramani. "Na kuna hii chupa. Mtu mwenye siri haiachi ramani mezani na kuikandamiza isipeperuke. Hii iliachwa isomwe. Na nani, bado sijui."

Nje Gosbert alikuwa akifuta kioo cha gari ambacho kilishafutwa. Gosbert alikuwa mshirika wa Atupele na dereva wake, Mhaya wa Bukoba, mwanaume asiyeweza kukuelekeza choo kilipo bila kukwambia kwanza alisoma wapi. Kwa amri ya Atupele walizunguka kwanza mpaka mjini, wakaweka mita ya kilometa sifuri mbele ya posta, kisha wakashika barabara ya kusini.

"Fungate na mama mkwe ndani ya karavani moja," Gosbert akasema walipoupita uwanja wa ndege wa zamani. "Kwetu Bukoba hata hakimu asingeruhusu."

"Kwenu Bukoba hakimu angetaka kwanza kuona vyeti vya mama mkwe."

Hata Godelive, kiti cha nyuma, alicheka. Miaka kumi na mmoja Durban, na hakuwahi kupita Toti. Sasa bahari ilifunguka upande wa kushoto, buluu mpaka mwisho wa macho, na upande wa kulia miwa ikapanda vilima, na reli ndogo ikapita karibu na maji kiasi kwamba mtu angeweza kuvua samaki akiwa dirishani mwa treni. Njiani wanawake waliuza mananasi madogo. Godelive alimsimamisha Gosbert, akanunua fungu zima, akajilaumu papo hapo kwamba mtoto amepotea na yeye ananunua nanasi, kisha akala vipande vitatu.

"Huku iko kuzuri hivi?" akasema, mdomo umejaa. "Na sisi tuko tunagombania taxi?"

Mita ilisoma sitini na nukta mbili walipofika lango la kambi ya karavani ya Scottburgh. Gosbert akadai zile nukta mbili ni kosa la gari.

Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu na alikataa katakata kuzungumzia wageni. Atupele alimsifu kwa hilo, na alimaanisha. Lakini Kiswahili kilikuwa kimeshasikika nje, na mwanamke aliyekuwa akipiga deki vyoo alikuja mbio, ndoo mkononi.

"Jamani, Watanzania!" Jina lake lilikuwa Blandina, mtu wa Songea, miaka minne pale kambini. Alimkumbatia Atupele na mpini wa deki ukiwa katikati yao.

"Karavani nyeupe yenye mstari wa kijani," Atupele akasema walipoachana. "Ilikuwa hapa Jumanne."

"Namba kumi na nne. Naikumbuka."

"Watu wangapi?"

"Wawili. Kijana na bibi."

Godelive alishika mkono wa Gosbert.

"Msichana hukumwona?"

"Sikumwona, dada. Mapazia yamefungwa mchana kutwa. Nikajua ndani kuna mgonjwa."

"Vyombo anaosha nani?"

"Bibi, pale kwenye karo. Aliniomba sabuni."

"Sahani ngapi?"

Blandina alitazama karo kama anayeziona tena. "Tatu. Sahani tatu, na kopo la maziwa. Kila siku kopo la maziwa."

"Na usiku?"

"Bibi analala kwenye hema nje. Anakoroma huyo! Namba kumi na sita walikuja kulalamika."

Atupele akaandika: watu wawili, sahani tatu, maziwa, bibi nje. "Kuna kitu kingine. Uso wako umebadilika."

Blandina akaitua ndoo. "Niliokota kitu kwenye pipa lao. Msije mkanifikiria vibaya." Alikwenda kwenye kabati lake, akarudi na mfuko, na ndani ya mfuko kulikuwa na rasta ndefu nyeusi zenye ncha za kahawia. "Nimezifua. Ni nzuri, zinasukika tena."

Godelive aliketi chini, pale pale kwenye majani. "Nilimsuka mimi," akasema. "Siku mbili nzima, na mikono hii. Wamemnyoa mtoto wangu."

Atupele alichukua rasta moja, akaielekeza kwenye jua, akaipitisha kati ya vidole kutoka juu mpaka chini. Akachukua ya pili. Akachukua ya kumi.

"Mama Anaïs, nitazame. Zingekatwa, nywele zake mwenyewe zingebaki humu kwenye shina. Hazimo. Hizi zimefumuliwa moja moja, kuanzia mwisho mpaka shinani. Kufumua kichwa kizima ni kazi ya saa ngapi?"

"Tano," Godelive akanong'ona. "Sita, kama hutaki kumuumiza."

"Na hakuumizwa. Mwovu gani ana saa sita za kumfumua mtu nywele bila kumnyofoa hata mmoja? Kichwa hiki kilikuwa mapajani mwa mtu anayempenda." Akamgeukia Blandina. "Hebu nipe la mwisho. Kitu chochote ambacho kilikufanya ukacheka, au ukashangaa."

"Viti," Blandina akasema mara moja. "Jumatano saa nane bibi alikuja kuniazima viti. Akapanga sita mbele ya karavani, vinatazama lango. Akatandika mkeka, akavaa vitenge vya nguvu, akakaa. Kila gari likiingia anasimama. Yule kijana alikwenda mapokezi mara mbili: wageni wetu hawajafika? Mpaka giza, dada. Hakuja mtu. Viti alivirudisha huku anasonya."

Atupele alifunga daftari. "Mama Anaïs, Jumatano ulipiga saa ngapi?"

"Saa moja jioni."

"Saa moja jioni," Atupele akarudia, na akaanza kutabasamu. "Twendeni garini."

Wakarudi barabara kuu. Atupele akageuka kwenye kiti chake.

"Nilikaa Tanga miaka miwili. Kule fungate ni siku saba za bibi arusi kukaa ndani. Hapiki, hafagii, haonekani. Kwenu je? Mwali hutolewa lini?"

"Kutwikurura?" Godelive akapunga mkono. "Tulishafanya. Kwenye salle, ukumbini, kabla ya kukata gâteau. MC alimfunika kitambaa, akamfunua, watu wakapiga makofi. Tulitakiwa kurudisha ukumbi saa nne, ndiyo tulifanya yote pamoja."

"Nani aliamua hivyo?"

"Mimi na MC. Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi, Kigoma. Arusi zote zilikuwa hivyo, siku moja tu, unaolewa, unafunuliwa, kesho unaenda kwenye mgao wa chakula. Nani alikuwa na siku nne za..."

"Siku nne," Atupele akasema. "Na Gitega, alikotoka Marie-Jeanne?"

Godelive aliweka viganja vyote viwili mdomoni. Maneno yakatoka kati ya vidole. "Mwali anafichwa. Mama mkwe anamhudumia, anamlisha, anamnywesha maziwa, anamtengeneza kichwa. Haonwi na mtu, hazungumzi na kwao. Siku ya nne kwao wanakuja na pombe, wanaomba mtoto wao aonekane. Ndiyo anatoka."

"Jumapili, Jumatatu, Jumanne," Gosbert akahesabu kwa vidole juu ya usukani. "Jumatano."

"Na mambo ya ukumbini Marie-Jeanne aliyaona ni ya kupigia picha," Atupele akasema. "Jumatano alipanga viti, akangoja mchana kutwa. Hamkuja. Halafu saa moja jioni, badala ya wewe, ikaja simu yako. Ndipo akakwambia mnajua la kufanya. Alikuwa anakukaripia, mama. Kwa nini hakusema wazi, njooni?"

"Aseme?" Godelive alishangaa swali. "Upande wa mume waombe kuletewa pombe? Hiyo ni aibu! Bora afe. Sisi ndiyo tunapaswa kujua."

"Na wasipokwenda wa upande wa mke?"

"Hakuna mtu hajawahi kwenda! Utamwachaje mtoto wako ndani..." Siku tatu alikuwa akimtafuta mtu aliyemtendea mwanawe ubaya, na sasa alikuwa amempata, kwenye kiti cha nyuma, na mkoba mapajani. "Anaïs anajua nimemsahau. Anachungulia dirishani kila siku na mimi siji." Akapiga kiti cha Gosbert kwa ngumi. "Endesha, wewe! Ulisoma wapi hujui kuendesha?"

Gosbert akaendesha.

Walimpigia Méthode mara saba. Alikuwa ameizima simu, kumbe ili chaji isiishe kabla ya saa kumi. Huko Port Shepstone walisimama dakika kumi tu, nazo Godelive alizitumia zote akibishana na muuza pombe. Hakutaka bia ya chupa. Alitaka kitu cha mtama, kitu chenye utu. Muuzaji akamwonyesha umqombothi, ile pombe nzito ya Kizulu, akaonja kwa ncha ya ulimi, akafumba macho. "Impeke kabisa, pombe ya mtama ya kwetu," akasema, na wakapakia katoni mbili.

Kambi ya Uvongo ilikuwa juu ya miamba, na mawimbi yalikuwa yakipasuka chini yake kwa kelele za furaha. Saa tisa na nusu waliiona karavani nyeupe yenye mstari wa kijani. Gaël alikuwa ameinamia jiko la mkaa, ana kandambili, anageuza samaki. Aliinua kichwa, akamwona Godelive, na koleo likamponyoka.

"Maman! Wamekuja! Wamefika!"

Mwanamke mwembamba mwenye vitenge vilivyokunjwa vizuri alikuwa ameketi mlangoni mwa karavani. Hakugeuka. "Nani amekuja?" Marie-Jeanne akasema, akitazama bahari. "Mimi sioni mtu. Wageni wa kweli wanakuja siku yao."

Gaël alimkimbilia Atupele, akidhani ndiye mkubwa wa msafara. "Niliwaachia ramani mezani," akanong'ona. "Na kilometa! Maman alisema atawaambia waipitie. Halafu simu ikaangukia kwenye maji nikivua, na kila mchana Maman anasema ngoja, watu wenye adabu wanakuja."

"Alikwambia atasema," Atupele akamjibu, "na aliona aibu kusema. Jioni hii usimuulize. Samaki wako wanaungua."

Godelive alikuwa amesimama hatua kumi kutoka mlangoni na hakuthubutu kusogea. Adabu haikumruhusu mama kumwomba mwanawe kwa kinywa chake. Anatakiwa msemaji mwanamume, na anatakiwa shangazi wa kuingia ndani. Alimtazama Gosbert, akamtazama Atupele, na macho yake yakauliza.

Gosbert hakuulizwa mara mbili. Maisha yake yote alikuwa akingojea hadhira ya namna hii. Alifunga kifungo cha koti, akasonga mbele na katoni moja begani.

"Hodi kwa wenyewe! Sisi tumetoka mbali, tumechelewa, na sababu ya kuchelewa ni ujinga wetu, hatuna sababu nyingine. Kuna ua letu lilipotelea upande huu. Tumeambiwa liko katika mikono mizuri. Tunaomba tu kuliona."

Marie-Jeanne aliendelea kutazama bahari. "Ua gani? Hapa kuna mwali wetu. Amekula vizuri, amelala vizuri. Hana shida na mtu."

"Ndiyo maana tumeleta cha kushukuru."

Hapo kichwa kikageuka kidogo. Kikombe kikajazwa, kikapelekwa kwa mikono miwili. Marie-Jeanne akanywa funda moja, akangoja, akanywa la pili.

"Nani amepika hii?"

"Wazulu, mama."

"Wazulu wana adabu," akasema Marie-Jeanne, na kwa mara ya kwanza akamtazama Godelive usoni. Alimtazama kwa muda. Aliona macho yaliyovimba na viatu vilivyovaliwa bila kulingana, kimoja cheusi kimoja cha buluu, jambo ambalo hata Atupele hakuliona mchana kutwa. Uso wake ukalegea. "Kumbe hamkujua," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi nikadhani mmetudharau. Shangazi wa mtoto yuko wapi?"

"Nipo," akasema Atupele.

Ndani ya karavani kulikuwa na harufu ya siagi na nguo mpya. Kwenye kitanda kilichokaa chini ya dirisha, msichana mwenye kitambaa cheupe kichwani alikuwa ameshika pembe ya pazia, amelivuta upana wa jicho moja. Alimwona mgeni, akajifunika haraka.

"Wewe ni nani?"

"Shangazi yako. Tangu dakika tano zilizopita. Umeumwa? Umelazimishwa lolote?" Kazi ni kazi, ilibidi aulize.

"Hapana! Nimenenepa tu." Kisha akauliza chini ya kitambaa. "Yule nje ni Mama kweli? Nilimwona akishuka garini, nikasema naota. Nilijua hawatakuja tena."

"Ni yeye. Inuka."

Atupele alimshika mkono, akamshusha ngazi mbili za karavani, akamsimamisha juani mbele ya watu, na Marie-Jeanne mwenyewe akanyanyua kitambaa. Gaël akapiga kigelegele ambacho si cha wanaume, na hakuna aliyemkosoa. Godelive, aliyekuwa amesema bila kupumua tangu Queensburgh, alizimaliza zile hatua kumi mbio. Alimshika mwanawe kichwa, akampapasa nywele zilizosukwa upya, mstari kwa mstari, akiukagua mkono wa mwenzake, na hakuona kosa.

Simu yake ikalia mkobani. Saa kumi kamili. Atupele ndiye aliyeitoa na kuiweka kwenye spika.

"Godelive," sauti ya Méthode ikasema, kavu, rasmi. "Niko mbele ya askari. Ameshashika kalamu. Nimwambie nini?"

Godelive alimsukuma mwanawe mbele. Anaïs akainamia simu.

"Baba? Mbona wewe hukuja?"

Upande wa pili kilisikika kiti kikivutwa, na mtu mzima akipenga kamasi, na sauti ya askari ikimwuliza kwa Kiingereza, kwa upole, kama bado anataka kufungua kesi.

"Siko na kesi," Méthode akamjibu kwa Kiswahili, amesahau kabisa yuko mbele ya nani. "Niko na arusi."